Kufunga kamera kwenye Raspberry Pi ili kufuatilia mashada ya mikorosho

Kuanzia Juni hadi Septemba, mikorosho ya Mtwara na Lindi inapochanua, mkulima anatakiwa kujua mapema kama ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoonekana kama unga mweupe, umeingia kwenye mashada. Ukiuona mapema, dawa ya salfa inafanya kazi. Ukiuona shada likiwa limeshakuwa jeupe, umechelewa. Kamera ndogo iliyofungwa mbele ya shada moja, ikipiga picha ileile kwa umbali uleule kila nusu saa, inakuwekea kumbukumbu ambayo macho hayawezi kuishika: jana chipukizi lilikuwaje, leo likoje.

Mwongozo huu ni wa kijana mwenye kompyuta, asiyeogopa kuandika amri, ambaye yeye au mzazi wake ana shamba. Upande wa programu ni mwepesi. Kinachozisumbua kamera nyingi hapa kwetu ni waya uliokaa vibaya, umeme hafifu, chumvi ya bahari na vumbi la salfa, kwa hiyo hayo nimeyapa nafasi kubwa zaidi.

Vifaa

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya bodi moja. Kwa shambani nashauri Raspberry Pi Zero 2 W, kwa sababu inakula umeme kidogo. Kama unayo Pi 4 au Pi 5 itumie, ila jiandae na betri kubwa zaidi.

Kwa kamera, chukua Camera Module 3 ya kawaida. Ilitoka Januari 2023, ina pikseli milioni 12 na sensa ya Sony IMX708, na ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo kuweza kubadilisha fokasi yenyewe. Hiyo fokasi ndiyo sababu ya kuichagua. Module 1 ya mwaka 2013 lenzi yake imegandishwa kiwandani kwa ajili ya vitu vya mbali. Module 2 ya mwaka 2016 inazungushwa kwa mkono na kipete cha plastiki. Sisi tunataka kuona unga mweupe kwenye ua dogo lililo karibu, na kwa kazi hiyo zote mbili zitakuchosha.

Muuzaji akikupa yenye alama ya NoIR, irudishe. Hiyo haina kichujio cha miale ya joto. Mchana majani yanageuka rangi ya waridi, na ugonjwa unaotambulika kwa rangi hutauona sawasawa.

Waya bapa unaotoka kwenye kamera kwenda kwenye bodi hauko wa aina moja. Pi 4 na za nyuma yake zina soketi pana ya pini 15. Zero na Pi 5 zina soketi nyembamba ya pini 22. Kamera yenyewe ina soketi ya pini 15. Kwa Zero 2 W unahitaji waya ambao upande mmoja ni mpana na mwingine ni mwembamba, na mara nyingi haumo kwenye boksi la kamera. Ulizia kabla hujalipa. Kama mzigo unatoka Kariakoo kwa basi, agiza waya mbili kabisa. Bei yake ni ndogo, na ukikatika mmoja katikati ya msimu utapoteza siku za maua ukisubiri mwingine.

Ongeza kadi ya memori ya GB 32 kutoka kwa muuzaji unayemwamini, saa ndogo ya DS3231 yenye betri yake, na boksi la plastiki lile mafundi umeme wanalotumia kuunganishia nyaya nje ya nyumba.

Andaa kadi ukiwa nyumbani

Tumia programu ya Raspberry Pi Imager kwenye kompyuta yako. Chagua Raspberry Pi OS Lite. Kwenye mipangilio weka jina la mtumiaji (hapa chini nimetumia *shamba*), nenosiri, washa SSH (njia ya kuiandikia Pi amri kutoka kwenye kompyuta yako), weka saa za eneo Africa/Dar_es_Salaam, na uandike jina na nenosiri la hotspoti ya simu yako. Zero 2 W inashika mawimbi ya GHz 2.4 tu, kwa hiyo hotspoti ya simu nayo iweke kwenye 2.4, la sivyo haitaiona kabisa.

Sasisha mfumo mahali penye intaneti ya uhakika, siyo kwa bando lako la shambani:

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`

Kuunganisha waya bapa

Zima Pi na uchomoe umeme. Kamera hii haichomekwi Pi ikiwa inawaka. Gusa kitu cha chuma kwanza ili umeme tuli uondoke mwilini, kisha shika bodi kwa pembeni.

Soketi ya waya ina klipu ndogo ya plastiki. Kwenye Pi 4 klipu inainuliwa juu. Kwenye Zero 2 W inavutwa nje, kuelekea upande waya unapoingilia, na safari yake haizidi milimita moja au mbili. Tumia kucha za vidole viwili, moja kila pembe, na uvute pande zote kwa pamoja. Ukivuta upande mmoja tu, kisikio chake kinakatika, na hapo tafuta fundi simu mwenye mkono mwepesi.

Sasa angalia ncha ya waya. Upande mmoja una mistari ya metali inayong'aa, mwingine una kipande cha plastiki, mara nyingi cha rangi ya buluu. Chungulia ndani ya soketi uone meno ya metali yako upande gani. Mistari ya waya lazima itazamane na meno hayo. Kanuni hii inafanya kazi kwenye bodi yoyote. Kwenye Zero 2 W mistari inatazama chini, kwenye bodi. Kwenye Pi 4 inatazama upande wa tundu za HDMI. Kwenye kamera mistari inatazama ubao wa kamera, na plastiki ya buluu inabaki ikionekana kwa nyuma.

Ingiza waya ukiwa umenyooka mpaka ugote, kisha rudisha klipu. Utazame kwa ubavu: ile sehemu ya mistari inayobaki nje ya soketi iwe na upana sawa kutoka kushoto hadi kulia. Ikiwa upande mmoja inaonekana zaidi, waya umeingia mshazari. Toa, rudia. Usiukunje waya kwa pembe kali. Upinde wa taratibu hauna shida, lakini mkunjo wa kukandamiza na kidole unavunja mistari ndani bila wewe kuona.

Kuijaribu

Washa, ingia kwa SSH, andika:

`rpicam-hello --list-cameras`

Ukiona jina *imx708* kwenye majibu, kamera imeonekana. Piga picha ya kwanza:

`rpicam-still -n -o jaribio.jpg`

Alama ya `-n` inazuia programu kutafuta skrini, kwa sababu mfumo wa Lite hauna.

Maelekezo mengi ya zamani yatakwambia utumie `raspistill` na uwashe kamera kwenye `raspi-config`. Hayo yalikuwa ya mfumo wa zamani. Toleo la Bookworm la Oktoba 2023 na yanayofuata linatambua kamera halisi lenyewe na kutumia amri zinazoanza na `rpicam`. Ukikuta mafunzo yenye `libcamera-still`, ni amri hiyohiyo kabla haijabadilishwa jina.

Ukijibiwa *No cameras available!*, usikimbilie kuandika upya kadi. Zima, chomoa umeme, toa waya pande zote mbili na uurudishe. Tatizo la aina hii kwa kawaida liko hapo. Kwenye Module 1 na 2 angalia pia kipande kidogo cha waya kilicho mbele ya ubao, chini tu ya lenzi. Kimebanwa kwa kubofywa, na huachia kikigongwa, kwa hiyo kibonyeze taratibu kwa kidole.

Kama kamera siyo ya Raspberry Pi wenyewe bali imetengenezwa na kampuni nyingine kwa sensa ileile, huenda mfumo usiitambue. Fungua faili `/boot/firmware/config.txt`, badilisha `camera_auto_detect=1` iwe `camera_auto_detect=0`, na chini yake uandike sensa yako, kwa mfano:

`dtoverlay=imx219`

kwa Module 2, au `ov5647` kwa Module 1. Hifadhi, zima, washa.

Kisha kagua umeme:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu zuri ni `0x0`. Ukiona `0x50000`, umeme ulishuka wakati fulani tangu uwashe. `0x50005` maana yake ni mdogo hata sasa hivi. Zero 2 W inataka chaja ya volti 5 na ampea 2.5, Pi 4 ampea 3, Pi 5 ampea 5. Chaja za simu za mezani sokoni nyingi hazifiki hapo, na waya mwembamba mrefu wa USB nao unapunguza. Kwa umeme hafifu, kamera inaweza kuonekana leo na kesho isionekane, ukadhani imeharibika.

Fokasi: usiiache ijiamulie

Fokasi ya kujitafutia ni nzuri kwa picha moja. Kwa picha za wiki nyingi inaharibu kazi, kwani upepo ukisogeza shada, kamera inaweza kuamua kutazama jani la nyuma, na picha ya saa hiyo imepotea. Ifunge kwa namba.

Namba ya fokasi kwenye Module 3 inapatikana kwa kugawanya 1 kwa umbali wa mita. Sentimita 50 ni 2. Sentimita 25 ni 4. Mimi napendekeza sentimita 30, yaani 3.3. Kwa umbali huo picha inachukua eneo la karibu sentimita 39 kwa 22, shada zima linaingia, na kila milimita inapata pikseli zaidi ya 10. Hapo unga wa ubwiriunga kwenye vifundo vya maua unaonekana ukiwa bado madoa.

`rpicam-still -n -t 2000 --autofocus-mode manual --lens-position 3.3 --exposure sport -o jaribio.jpg`

Neno *sport* linaiambia kamera ifungue lenzi kwa muda mfupi zaidi. Maua yanakuja wakati wa kusi, na shada halitulii. Kwa upepo mkali zaidi funga tawi, si shada, kwenye nguzo ya kamera kwa kipande cha kanga kilichochakaa. Usitumie waya wala kamba ya manila, zinachubua gome.

Kuiona picha kwenye simu ukiwa shambani, ingia kwenye folda yenye picha na uandike `python3 -m http.server 8080`. Kisha andika `hostname -I` kwenye dirisha jingine la SSH upate anwani, na uifungue kwenye kivinjari cha simu ukiweka `:8080` mwishoni. Kuza picha mpaka uone nywele za shina la ua. Kama zimefifia, ongeza au punguza namba ya fokasi kwa 0.2 na upige tena.

Saa

Zero 2 W haina saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Bila intaneti itaamka na tarehe ya zamani, na majina ya picha yatakudanganya. Saa ya DS3231 inaondoa shida hiyo. Umeme wake uende pini namba 1, SDA namba 3, SCL namba 5, na ardhi namba 9. Kwenye `config.txt` ongeza:

`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Washa upya ukiwa na intaneti ili kompyuta ipate saa sahihi, kisha:

`sudo apt install util-linux-extra`
`sudo hwclock -w`

Fungua `sudo crontab -e`, yaani orodha ya kazi ambazo Pi inazifanya yenyewe kwa ratiba, na uweke mstari huu ili kompyuta isome saa hiyo kila inapowaka:

`@reboot /sbin/hwclock -s`

Kupiga picha kila nusu saa

Tengeneza faili `/home/shamba/piga.sh`:

```
#!/bin/bash
SIKU=$(date +%Y-%m-%d)
FOLDA=/home/shamba/picha/$SIKU
mkdir -p $FOLDA
rpicam-still -n -t 2000 --autofocus-mode manual --lens-position 3.3 --exposure sport -o $FOLDA/$(date +%H%M).jpg
```

Ipe ruhusa kwa `chmod +x piga.sh`, kisha kwenye `crontab -e` ya kawaida, bila sudo:

`*/30 6-18 * * * /home/shamba/piga.sh`

Kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 6 hapo ni saa kumi na mbili asubuhi na 18 ni saa kumi na mbili jioni. Utapata picha 26 kwa siku. Hata kila picha ikiwa MB 5, siku 100 ni GB 13, na kadi ya GB 32 inatosha bila kufuta chochote katikati ya msimu. Picha za kwanza na za mwisho wa siku zitakuwa na giza. Ziache tu, hazigharimu kitu.

Boksi, chumvi na salfa

Toboa dirisha mbele ya boksi na uweke kioo halisi kilichokatwa na fundi vioo. Plastiki angavu inachubuka ukiifuta vumbi, na kila mchubuko unawaka jua likipiga. Zungushia silikoni na uiache ikauke kabisa kabla ya kuingiza bodi, kwa sababu silikoni nyingi zikikauka hutoa mvuke wa tindikali unaokula shaba. Lenzi iwe karibu kabisa na kioo, na uzungushie karatasi nyeusi, la sivyo kamera itajipiga picha yenyewe kwenye kioo.

Waya wa umeme uingilie chini, ukiwa umepinda kwanza chini ya tundu ndipo upande, ili umande udondoke badala ya kufuata waya hadi ndani. Toboa tundu dogo la kupumulia upande wa chini na uliwekee chandarua kizito. Ndani weka vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu, ubadilishe kila unapokuja kuzihamisha picha. Boksi liwe jeupe na liwe kivulini.

Mashamba yaliyo karibu na bahari, kama upande wa Mikindani au Msimbati, yana upepo wenye chumvi ambao unashika kutu ya kijani kwenye pini ndani ya msimu mmoja. Ukishahakikisha kila kitu kinafanya kazi, funika sehemu za pini zisizotumika kwa utepe wa umeme. Kwenye Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, chumvi ni kidogo ila ukungu wa asubuhi ni mzito, kwa hiyo vipakiti vya unyevu ndivyo vitakuwa na kazi zaidi.

Salfa inahitaji uangalizi wake. Vumbi lake likikutana na unyevu linaharibu shaba na fedha, na kwenye kioo linaacha utando wa njano. Siku ya kupulizia, funika boksi lote kwa mfuko wa plastiki kabla mashine haijawashwa, na uutoe vumbi likishatua. Futa kioo kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu.

Funga boksi kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini, usilitundike kwenye tawi, kwani tawi linakua na kuyumba na umbali wako wa sentimita 30 utabadilika. Kwenye nguzo hiyo paka grisi pande zote, upana wa kiganja. Sisimizi waitwao maji moto wanapenda boksi lenye joto. Lakini msiwaue hao sisimizi kwenye mkorosho wenyewe: ni walinzi wa shamba, wanawinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na mashada. Grisi inawazuia wasiingie kwenye boksi, huku juu ya mkorosho wakiendelea na kazi yao. Kile kipande cha kanga nacho kipake grisi katikati, maana ni daraja.

Umeme wa jua

Kadiria wati 2 kwa Zero 2 W na kamera, upate nafasi ya kupumua. Kwa saa 24 ni wati-saa 48. Betri ya volti 12 na ampea-saa 12 ina wati-saa 144, na betri za maji au za jeli zisishushwe zaidi ya nusu, kwa hiyo unabaki na 72. Hiyo inavusha usiku na siku moja ya mawingu. Paneli ya wati 30 ikipata jua zuri la saa nne inarudisha 120. Weka kidhibiti chaji, na kati yake na kompyuta weka kibadilishi cha kushusha volti 12 kuwa 5 chenye uwezo wa ampea 3. Kabla ya kupeleka shambani, viache vyote vifanye kazi uani kwa siku kadhaa, kisha rudia `vcgencmd get_throttled`.

Mwambie jirani na mwenyekiti wa kitongoji kuwa pana kamera na inatazama nini. Ielekeze kwenye shada na majani, siyo kwenye njia ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mtu ana haki ya kujua kama anapigwa picha akienda kisimani. Jirani aliyeelezwa pia ndiye atakayekulindia paneli.

Kuzisoma picha

Chukua picha kila wiki kwa simu au kompyuta:

`rsync -av shamba@ANWANI:picha/ picha/`

Usilinganishe picha ya asubuhi na ya jioni, mwanga wake ni tofauti. Linganisha saa ileile kwa kila siku. Saa tatu asubuhi ni nzuri: umande umepungua, jua halijawa kali, na maua mapya yameanza kufunguka. Amri hii inazikusanya picha za saa tatu za siku zote kuwa video moja:

`ffmpeg -framerate 4 -pattern_type glob -i 'picha/*/0900.jpg' -vf scale=1280:-2 -pix_fmt yuv420p shada.mp4`

Miezi miwili inakuwa video ya sekunde 15. Tazama vifundo vya maua ambavyo havijafunguka, kwenye ncha za shada: ubwiriunga unaanza kama vumbi jeupe hapo na kwenye majani machanga. Mabaka meusi kwenye shina la shada na ncha inayokauka ghafla ni dalili ya mbu wa mikorosho, na hiyo dawa yake siyo salfa. Ukiona doa la kwanza, pita na miti mingine kwa miguu siku hiyohiyo, maana kamera inatazama shada moja tu. Kisha mtumie afisa ugani picha mbili zenye tarehe, ya kabla ya doa na ya siku lilipotokea.